Fanya Mazoezi, Usifanye Kazi

Siku mpwa wangu alipoamua kumheshimu baba yake, alimwita fundi wa kuchomelea.

Fundi akaja na mashine yake na miwani yake myeusi, akaichukua baiskeli ya kaka yangu, akaisimamisha juu ya jukwaa la zege lililojengwa kati ya geti na mlango, akaichomelea kila mahali panapochomeleka. Stendi ikashikana na vyuma vilivyochomoza kwenye zege. Pedeli zikashikana na fremu. Jiwe la kunolea, lile la duara lililotema cheche mitaani kabla mpwa wangu mwenyewe hajazaliwa, likagandishwa kwenye chuma chake. Akafuata mpaka rangi, akaipaka yote rangi ya fedha, hata tandiko, hata kengele. Ilipokauka iling'aa kama sufuria ambayo bado haijaonja moto.

"Hii ndiyo iliyonisomesha," mpwa wangu aliwaambia wageni, na machozi yakamlenga kwelikweli. Nalisema mapema msije mkamwona mtu mbaya. Meneja si mtu mbaya. Tunamwita hivyo tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akivipanga viatu vya nyumba nzima mlangoni na kudai maelezo kimoja kikikosekana. Akakua, akawa meneja kweli, wa ghala la vifaa vya umeme, na jina likapata kazi.

Baba yake, kaka yangu, mitaa yote ilimwita Mzee Makali. Alikuwa mnoa visu. Asubuhi alipanda baiskeli akazunguka mtaa kwa mtaa akipiga kengele, na mtu akitoka na kisu au mkasi, kaka alishusha stendi, gurudumu la nyuma likainuka, akavalisha mkanda kutoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe lililofungwa karibu na usukani, kisha akaketi palepale akikanyaga, jiwe likizunguka mbele ya kifua chake. Njiani anakanyaga, akisimama anakanyaga. Nilikuwa nikimwambia, "Kaka, wewe ndiye mtu pekee duniani anayefika halafu anaendelea kwenda."

Naye hujibu, "Na wewe, Kidomo, ndiye mtu pekee anayechoka bila kuondoka."

Kidomo ni mimi. Jina hilo alinipa tungali watoto, na sijafanya lolote maishani la kumfanya alibadilishe.

Mke wa kaka alipofariki, Meneja alikuja na gari akatuchukua sote wawili: baba yake kwa kuwa ni baba yake, na mimi kwa kuwa alinikuta nimekaa juu ya sanduku la safari la baba yake. Sikubisha. Nimeachwa mara mbili, na yule wa pili nilimfulia nguo mpaka siku ya mwisho, akaondoka akiwa msafi. Mtu aliyepitia hayo akifunguliwa mlango wa gari haulizi linakwenda wapi.

Nyumba ilikuwa nzuri. Vigae vyeupe, maji ndani, na sebuleni kiti kimoja kikubwa chenye mikono minene, kimewekwa mahsusi mbele ya dirisha, kutazamana na ile baiskeli ya fedha.

"Kaa baba. Umechoka."

"Sijachoka."

"Basi kaa kabla hujachoka."

Kaka akakaa. Ndivyo ilivyoanza.

Alitaka maji, yakaletwa. Alitaka kufunga dirisha, lilikuwa limeshafungwa. Akiinuka kwenda kumwagia maua maji, mkwe wetu, mke wa Meneja, alimwahi mlangoni na kumpokonya kopo kwa adabu zote: "Jamani baba, mimi nipo, wewe ukamwagie maua? Watu wakuone?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ile jembe lilikuwepo, ila walikuwa wamelificha kwa upendo.

Mimi waliniachia vitunguu. Shangazi kumenya vitunguu jikoni si aibu kwa mtu, kwa hiyo nilimenya, nikafagia, nikaanika, nikaanua, nikagombana na kuku wa jirani. Nililalamika kila siku kwamba nimefanywa kijakazi. Sikujua kwamba vile vitunguu vilikuwa vikinitibu.

Kaka yeye hakuwa na kitunguu. Alikaa akaitazama baiskeli yake. Mapaja yake, ambayo ujanani yalipasua suruali mshonaji akashindwa, yakaanza kuelea ndani ya nguo. Kutoka kitini akaanza kujisukuma kwa mikono. Kisha akawa anahesabu moja, mbili, ndipo ainuke. Kisha akawa anahesabu na hainuki.

"Kaka, umehesabu mpaka ngapi?" nilimtania.

"Nimesahau nilipofikia. Itabidi nianze upya."

Nilicheka. Nilikwenda jikoni nikiwa bado nacheka, na huko kicheko kikaniishia.

Akaanguka bafuni. Hakuvunjika, aliteguka kifundo na kuchubuka kiwiko, lakini alilala pale chini kwenye vigae mpaka niliporudi kutoka kuanika, kwa sababu hakuweza kuinuka wala hakutaka kupiga kelele. Nilipomfungulia mlango alikuwa amelitazama dari kwa utulivu kama mtu anayesubiri zamu yake.

Daktari wa viungo alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono ya mtu anayekanda unga. Alimkanda kaka miguu, akamwambia sukuma hapa, vuta huku, kisha akamgeukia Meneja.

"Mzee huyu hana ugonjwa. Ana kiti."

"Kiti gani, daktari?"

"Hicho anachokalia. Miguu imelala. Isipoamshwa haitaamka, na akianguka tena safari hii itakuwa nyonga. Nyonga ya umri huu ikivunjika, mara nyingi mtu haendi tena chooni peke yake." Akamwinamia kaka. "Mzee, nataka siku mtakayorudi uingie mlango ule kwa miguu yako. Usiniletee mkongojo wala bega la mtu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Ndani ya gari kaka aliketi nyuma pamoja nami. Meneja alikuwa akizungumza na simu. Kaka akaninong'oneza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo:

"Kidomo, mimi sitaki kubebwa."

"Nani amesema utabebwa?"

"Wifi yako nilimbeba mwaka mzima. Kitandani, chooni, kitandani. Mtu anayebebwa anakuwa mzito kwa aibu, siyo kwa mwili. Sitaki."

Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu hata la maswali ambayo hayajaulizwa, nilimshika mkono nikatazama dirishani.

Meneja akisikia jambo hachelewi. Kesho yake gari likaleta boksi kubwa, likafunguliwa sebuleni, ikatoka baiskeli ya mazoezi: nyeusi, nzito, ina gurudumu moja la chuma mbele na kioo kidogo penye usukani.

Kaka aliizunguka kwa mkongojo. Akaligusa gurudumu.

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, baba. Unakanyaga tu."

"Na hiki kioo?"

"Kinaonyesha umekwenda umbali gani."

"Si umesema haiendi?"

Mkwe wetu alijikohoza. Meneja akaeleza tena, polepole, jinsi watu wa umri huo huko na huko wanavyokanyaga kila siku na kupata nafuu. Kaka akapanda kwa taabu, tukimshika huku na huku, akakanyaga kidogo. Gurudumu likaguna. Akasimama.

"Baba, endelea."

"Niendelee nini?" Hakuwa akibisha, alikuwa anauliza. "Nimekanyaga tangu sijaota ndevu, na kila nilipokanyaga kulikuwa na mtu amesimama mbele yangu anangoja kitu. Hapa ananingoja nani?"

Akashuka, akarudi kitini. Baiskeli ya mazoezi ikawa mahali pa kuanikia taulo.

Sasa sikilizeni habari ya kisu. Kisu cha jikoni mwa mkwe wetu kilikuwa kibutu kiasi kwamba ungeweza kumpa mtoto achezee. Si kwamba hawakujua, walikizoea. Mkwe alikata nyama kwa kuikandamiza kwa uzito wa mwili mzima, kama anayefunga sanduku la safari. Siku moja nilileta nyanya zangu sebuleni ili nimpigie kaka soga huku nakata. Nyanya ya kwanza ikapasuka ikanirukia usoni.

"Kisu hiki hakikati hata maneno," nikasema.

Kaka alikuwa amefumba macho. Akafumbua jicho moja.

"Lete."

Akakipitisha kidole gumba kwenye makali, akasonya. Nadhani ndilo lililokuwa jambo la kwanza kumuudhi tangu tulipohamia, na nilifurahi kama nimeona jua.

"Aibu," akasema. "Nyumba ya mtoto wangu."

"Ndiyo hivyo. Mnoa visu yupo, amekaa. Hata kinyozi huota ndevu."

"Chini ya kitanda changu kuna sanduku. Ndani yake kuna jiwe la akiba, limefungwa kwa shati. Lete. Lete na lile stuli lako la jikoni. Na ule mkanda wa mashine ya kufulia uliokatika walitupa wapi?"

"Haujatupwa. Nimefungia mlango wa banda la kuku wa jirani."

"Mtoto wa baba yangu," akasema, na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Mchana ule, Meneja kazini, mkewe kazini, wazee wawili wakaiharibu sebule. Tulilipindua stuli miguu juu. Kaka akaelekeza, mimi nikafunga jiwe katikati ya miguu yake, yeye akafungua nilichofunga akakifunga vizuri. Mkanda tukauunga, tukauvalisha kwenye gurudumu la ile baiskeli ya mazoezi, upande wa pili kwenye jiwe. Tukatandika gazeti chini. Kaka akapanda. Safari hii alinishika bega moja tu.

Akakanyaga.

Mwanzoni jiwe lilikohoa. Halafu likashika mwendo, na ile sauti, ile *zzzii* niliyoisikia mitaani kwa maisha yangu yote, ikajaa kwenye nyumba ya vigae vyeupe. Akakishusha kisu. Cheche zikaruka. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Kitini ilikuwa ikitetemeka akishika kikombe.

Nyanya iliyofuata haikukatwa. Iliachana yenyewe.

Tulivinoa vyote. Visu, mkasi, shoka la kuni ambalo hakuna aliyelitumia. Vilipokwisha kaka akawa ananitazama, na mimi nikajua ananiuliza nini. Nikajitanda kanga, nikatoka kwenda kwa muuza nyama wa barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi visu vyako unanoa na nini, na ulimi?"

Muuza nyama akacheka. Alimkumbuka Mzee Makali. Alidhani amekwisha kufa, akasema Mungu amrehemu, nikamwambia subiri kwanza. Tangu hapo alikuja mchana kwa mlango wa nyuma, visu vimefungwa kwenye gazeti kama mtu anayeleta siri. Malipo yalikuwa maini. Mkwe wetu alisifu mboga jioni na hakuuliza, nami sikumsumbua na habari nyingi.

Miguu ikaanza kurudi. Sikuambiwa na daktari, niliona mwenyewe. Kwanza kaka akaacha kuhesabu kabla ya kuinuka. Halafu mkongojo ukawa unasahaulika, leo chooni, kesho jikoni. Muuza nyama akipiga hodi, kaka alimfuata mwenyewe mlango wa nyuma, akijishika ukutani. Baadaye bila ukuta. Alirudia kula. Alirudia hata ubishi, akaniambia chumvi imezidi, nami nikamwambia arudi akaanguke bafuni tupumzike.

Aliyefurahi kuliko wote ni Meneja. Kila jioni aliingia akakikagua kile kioo cha baiskeli.

"Baba! Umekwenda mbali sana leo!"

"Kulikuwa na kazi kidogo njiani," kaka alijibu, na mimi nilikimbilia jikoni nikauma kitambaa.

Jiwe tulilifunika taulo. Stuli lilirudi jikoni. Unga wa chuma niliufuta kwenye vigae kwa kitambaa kibichi, lakini unga wa chuma ni kama umbea, unadhani umefuta, kumbe umeueneza.

Wiki iliyofuata tulikuwa turudi kwa daktari. Kaka alikuwa ameshachagua shati. Lilikuwa limening'inia mlangoni pake, limepigwa pasi, na kila nilipopita alinikumbusha kwamba siku ile nisimguse hata ukosi. "Ukinishika mlangoni, Kidomo, undugu umekwisha."

Siku chache kabla, mkwe wetu akaingia jikoni kukata nyama mwenyewe, kazi niliyokuwa nimemwondolea tangu tuvinoe visu. Alikuwa na mazoea yake na kile kisu. Akakikandamiza kama zamani, kwa uzito wa mwili mzima, na kisu cha Mzee Makali hakikuhitaji uzito wa mtu. Kilipita nyama, kikapita kidole, kikasimama kwenye mfupa.

Alipiga ukelele. Damu ikaenda kwenye vigae, na Meneja aliyekuwa ndio kwanza anavua viatu akaja mbio. Walipomaliza kufunga kidole, Meneja akakiokota kisu. Akakigeuza kwenye mwanga. Yeye ni mtoto wa mnoa visu; alijua anachokitazama. Akainama akapitisha kidole sakafuni, kikatoka na unga mweusi. Akaufuata mpaka sebuleni. Akavuta taulo.

"Baba."

"Naam."

"Hii ni nini?"

"Ni jiwe," kaka akasema. "Limekulea."

Meneja aliketi. Afadhali angefoka. "Baba, nimefanya kosa gani? Kuna siku umelala njaa hapa? Nimeichomelea ile baiskeli pale nje ili ulimwengu ujue umemaliza. Umemaliza, baba! Na wewe unafungua karakana sebuleni mwangu, unawanolea watu visu kwa mlango wa nyuma?"

"Mwanangu, daktari amesema akanyage," nikaingilia.

"Akanyage, shangazi, ndiyo! Baiskeli nimenunua! Afanye mazoezi. Asifanye kazi."

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti ni watu. Watasema Meneja anakula kwa jasho la baba yake mzee."

"Watu wapi? Hao watu ndio walioleta visu."

"Shangazi, tafadhali. Mke wangu nusura apoteze kidole."

Kidole kilikuwa pale kimefungwa bandeji na mwenyewe analia, na hakuwa na kosa.  Mtu aliyeishi na vyuma anajua kipi usikiguse kikiwa na moto. Kaka alimtazama mwanawe akilifunga lile jiwe la akiba kwa taulo na kulipeleka kwenye gari, alifungie kazini kwake, ghalani.

Alipofika mlangoni, Meneja aligeuka, sauti imeshuka. "Baba, kesho endelea kukanyaga. Tafadhali. Umefika mbali sana."

Kesho yake kaka hakukanyaga. Wala siku iliyofuata. Nilimtania mpaka nikaishiwa, nikamtukania kofia yake, nikamsingizia kwamba anakoroma kwa sauti ya mbuzi. Hakunirudishia. Alikaa kitini akiitazama baiskeli ya fedha. Jioni, alipotaka kuinuka, nikamsikia akianza: moja, mbili.

Kosa moja tulilisahau sote: hakuna aliyemwambia muuza nyama.

Alikuja mchana, siku moja kabla ya daktari. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, kwa amri ya Meneja, akazunguka mbele, akasimama getini na visu vyake kwenye gazeti. Mimi nilikuwa jikoni na vitunguu. Niliwasikia, nikadhani wanasalimiana tu.

"Mzee Makali, niokoe. Wateja wamejaa, kisu kimekufa."

"Jiwe limechukuliwa."

"Na lile pale?"

 Halafu nikasikia mlango wa mbele ukifunguka, na hatua za kaka zikishuka ngazi, moja kwa moja, bila mkongojo. Nakumbuka nilitabasamu na kitunguu mkononi. Nilisema moyoni, kesho daktari atakoma.

Muuza nyama ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Kaka aliizunguka ile baiskeli, akainama akazitazama sehemu zilizochomelewa, akazigonga kwa ukucha. Akasema fundi alikuwa mvivu, amechomelea kwa matone, matone yataachia mtu akikanyaga kiume. Muuza nyama akamwambia, "Acha, mzee, nitakwenda kwingine." Kaka akamwambia, "Umenijia mimi." Akapanda jukwaa la zege. Akapanda tandiko. Akaweka mguu wa kulia kwenye pedeli, akasimama juu yake kwa uzito wake wote na nguvu zote alizokuwa amezipata sebuleni kwa siku zote zile.

Tone la kuchomelea halikuachia. Kilichoachia ni kiatu. Rangi ya fedha inateleza.

Nilitoka nikakuta yuko chini, kando ya zege, mguu mmoja umelala upande usio wake. Muuza nyama amepiga magoti na aproni yake yenye damu ya ng'ombe, anaingiza mikono chini yake amwinue.

"Usinibebe," kaka anasema. "Wewe, usinibebe. Nipe dakika nitainuka."

Tulimpa dakika. Tulimpa kadhaa. Nilimwona akihesabu midomoni. Kisha muuza nyama akanitazama, mimi nikaitikia kwa kichwa, akambeba.

Nyonga, kama daktari alivyosema. Waliiunga kwa vyuma, na yule daktari kijana alikuja wodini akaja tena nyumbani kwa hiari yake mara nyingi, alijaribu. Lakini homa ya mapafu ikapita humo katikati, na ilipoondoka iliondoka na kilichokuwa kimebaki kwenye miguu. Shati la safari ile lilining'inia mlangoni mpaka mabegani likaweka vumbi, ndipo nikalikunja.

Sasa Meneja ndiye anayembeba. Asubuhi kabla ya kazi, jioni baada ya kazi. Hataki tumwajiri mtu. Kitandani, chooni, kitandani. Kaka anafumba macho safari nzima. Meneja naye anafumba mdomo, amekonda, na viatu vya nyumba hii havipangwi tena na mtu.

Siku moja ya mapumziko alimrudisha yule fundi wa kuchomelea, safari hii na msumeno wa umeme. Kelele zilijaa nyumba nzima. Pale nje limebaki jukwaa la zege na vipande vya vyuma vimechomoza. Baiskeli iliingizwa chumbani kwa kaka, ikasimamishwa kwa stendi yake kando ya kitanda, ikiwa na jiwe la akiba lililorudi kutoka ghalani na mkanda mpya. Sehemu zilizokatwa zilikuwa nyeusi, kwingine kote fedha.

Kaka aliitazama kwa muda mrefu.

"Umeikata vibaya," akasema.

"Najua, baba."

Kaka akageuka ubavu kwa shida, akashusha mkono nje ya blanketi, akaifikia pedeli. Akaisukuma kwa kiganja. Ikazunguka mara moja, ikasita. Akaisukuma tena. Magamba ya rangi yakaanguka shukani. Gurudumu likaanza kuzunguka, taratibu mno, na jiwe nalo likazunguka, halina hata nguvu ya kutoa ile *zzzii*, linanong'ona tu.

"Lete kisu," akasema.

Mkwe wetu ndiye aliyekileta, amekishika mbali kwa kidole chake chenye kovu. Meneja akakaa chini sakafuni na suruali yake ya heshima, akakishika kisu kwa mikono miwili, akakilaza juu ya jiwe. Hakujua kukilaza. Hakuwahi kufundishwa, baba yake alikanyaga ili yeye asijue. Kaka akazungusha kwa mkono, akapumzika, akazungusha, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Wakafanya hivyo mpaka akasema basi.

Akakichukua kisu. Hakukipima kwa kidole gumba. Alinipa mimi.

"Kidomo, kajaribu."

Nilikwenda jikoni nikaiweka nyanya kwenye ubao. Kisu, ambacho hakikunolewa tangu aanguke, kilikuwa butu kama siku ile ya kwanza, au zaidi. Nyanya ikabonyea, ikabonyea, ikapasuka ubavuni ikamwaga mbegu zote mezani.

"Kinakata?" aliita kutoka chumbani.

Nilisikia pedeli imesimama. 

"Kinakata," nikasema. "Nusura unitoe kidole, mzee mjinga wewe."

 Baada ya kitambo nikasikia pedeli ikianza tena, polepole, nami nikachukua nyanya nyingine nikaimenya kwa kucha.